Paul Keres: Bingwa Aliyeishia Mlangoni

Utangulizi

Kutangulia si kufika. Methali hii ya wahenga inaafiki vyema maisha ya Paul Keres, mchezaji wa sataranji kutoka Estonia, nchi ndogo iliyo kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki kaskazini mwa Ulaya. Kwa takriban miaka thelathini Keres alihesabiwa miongoni mwa wachezaji wachache walio bora kabisa duniani. Katika maisha yake aliwashinda watu tisa waliopata kuwa mabingwa wa dunia, tangu José Raúl Capablanca hadi Bobby Fischer. Licha ya hayo, taji lenyewe hakulivaa hata siku moja. Mara nne mfululizo, kati ya mwaka 1953 na 1962, alimaliza katika nafasi ya pili, peke yake au pamoja na wengine, katika mashindano ya kumteua mpinzani wa bingwa wa dunia.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, ni vyema kwanza aelewe jinsi mashindano ya sataranji yanavyoendeshwa. Anayeshinda mchezo hupata alama moja, na wanaotoka sare hugawana alama hiyo nusu kwa nusu. Wachezaji hukutana kwa zamu, na kila zamu huitwa duru. Katika duru za mwanzo mchezaji hupambana na mpinzani aliyeketi mbele yake tu. Zinapowadia duru za lala salama, huwa anapambana pia na jedwali la matokeo. Anajua ni nani anayemfuata kwa nusu alama, ni nani atakayeridhika na sare, na ni nani asiye na cha kupoteza tena. Wakati huo uchovu wa majuma kadhaa umekwisha kumwingia, na saa iliyo kando ya ubao haimsubiri. Mchezaji anaweza kucheza vizuri kwa mwezi mzima, kisha kosa la jioni moja likafuta jasho lote. Ni katika duru kama hizo ambapo majaliwa ya Keres yaliamuliwa, tena zaidi ya mara moja.

Malezi na chanzo cha kipawa

Keres alizaliwa tarehe 7 Januari 1916 katika mji wa Narva, wakati ambapo Estonia ilikuwa bado chini ya himaya ya Urusi. Miaka miwili baadaye nchi hiyo ilijitangazia uhuru. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na familia iliishi katika mji mdogo wa Pärnu ulio ufuoni mwa bahari. Huko ndiko Paul na kaka yake, Harald, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafizikia, walikojifunza sataranji kwa kumtazama baba yao akicheza.

Nyota njema huonekana asubuhi, lakini nyota hii ilichomoza mahali palipokuwa na uhaba mkubwa wa vitabu. Pärnu haikuwa na walimu wa mchezo huo wala maktaba iliyosheheni maandishi yake. Kijana Keres alitafuta michezo ya mabingwa popote alipoweza kuipata, akainakili kwa mkono daftarini mmoja baada ya mwingine, hadi akawa na mkusanyiko wa takriban michezo elfu moja. Kwa kuwa wapinzani wa kufaa walikuwa adimu mjini mwake, aliwatafuta kwa njia ya posta. Alikuwa akiandika hatua yake kwenye kadi, anaituma hadi nchi nyingine, kisha anasubiri siku kadhaa kabla ya kupata jibu. Kuna wakati alikuwa akicheza michezo ipatayo 150 kwa mpigo kwa njia hiyo. Mafunzo haya ya upweke yalimpa mambo mawili: ujuzi mpana wa mwanzo wa mchezo, na moyo wa kujaribu mashambulizi ya hatari ambayo wengine wangeyaogopa.

Mwaka 1935 Keres, akiwa na umri wa miaka 19, aliteuliwa kukalia ubao wa kwanza wa timu ya Estonia katika Olimpiadi ya sataranji mjini Warsaw. Ubao wa kwanza ndio unaokutanisha wachezaji bora wa kila nchi. Kijana huyo asiyejulikana alicheza kwa ujasiri uliowafanya wengi waulize alikotoka. Miaka miwili baadaye hakuna aliyehitaji kuuliza tena. Katika mashindano ya Semmering na Baden, nchini Austria, mwaka 1937, alishika nafasi ya kwanza mbele ya Reuben Fine, Capablanca, Samuel Reshevsky na Salo Flohr. Mwaka huo huo alianza masomo ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Tartu.

Uholanzi, 1938

Mnamo Novemba 1938, shirika la utangazaji la Uholanzi lililojulikana kwa kifupi kama AVRO liliandaa mashindano ambayo hadi leo yanatajwa kuwa miongoni mwa makali zaidi kuwahi kufanyika. Wachezaji wanane walialikwa, na wote walikuwa vigogo: bingwa wa dunia wa wakati huo, Alexander Alekhine, mabingwa wawili wa awali, Capablanca na Max Euwe, na wale waliotarajiwa kuwarithi, yaani Mikhail Botvinnik, Fine, Reshevsky, Flohr na Keres. Duru zilikuwa 14, na wachezaji walisafirishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine karibu kila siku, jambo lililowachosha sana wale waliokuwa na umri mkubwa.

Fine alianza kwa kasi ya ajabu, akapata alama tano na nusu katika michezo sita ya kwanza. Keres hakumfukuza pupa kwa pupa. Alikubali sare pale ambapo hapakuwa na njia, akashinda pale ambapo mpinzani alijikwaa, na hakupoteza mchezo hata mmoja. Kasi ya Fine ilipoanza kupungua, Keres alikuwa hapo karibu. Wawili hao walimaliza wakiwa sawa, kila mmoja na alama nane na nusu, Botvinnik akiwa wa tatu kwa alama saba na nusu. Kwa kuwa Keres alikuwa amemshinda Fine katika mchezo mmoja na kutoka naye sare katika mwingine, hesabu ya kuwatenganisha ilimpa Keres nafasi ya mbele.

Ilitarajiwa kwamba mashindano hayo yangemtoa mpinzani wa Alekhine katika mechi ya kuwania taji. Keres alikuwa na umri wa miaka 22, na njia ilionekana kuwa nyeupe mbele yake. Hata hivyo, mazungumzo kuhusu mechi hiyo hayakuwahi kuzaa matunda. Mnamo Septemba 1939, Keres akiwa katika Olimpiadi ya Buenos Aires, ambako Estonia ilinyakua nafasi ya tatu, Vita vya Pili vya Dunia vililipuka. Wachezaji kadhaa wa Ulaya waliamua kubaki Ajentina. Keres alirejea nyumbani.

Vita na kiti kitupu

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mwaka 1940 Muungano wa Kisovieti uliivamia Estonia na kuifanya sehemu yake. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yakawafukuza Wasovieti na kuikalia nchi hiyo. Mwaka 1944 Wasovieti wakarejea. Katika kipindi cha miaka minne, Keres aliishi chini ya tawala tatu bila kuhama nchi yake. Alioa mwaka 1941, akawa baba wa watoto, na kazi aliyoifahamu kuliko zote ilikuwa kucheza sataranji. Chini ya Wasovieti alicheza mashindano ya Kisovieti. Chini ya Wajerumani alicheza katika miji iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ikiwemo Salzburg na Prague, ambako alikutana tena na Alekhine.

Wasovieti waliporejea, michezo hiyo ya wakati wa vita iligeuka kuwa shtaka. Keres alihojiwa, na kwa muda alizuiwa kushiriki katika mashindano makubwa ya kimataifa. Mashindano ya Groningen ya mwaka 1946, ambayo yaliwakusanya upya wachezaji wengi maarufu baada ya vita, yalifanyika bila yeye. Wengi wa watu wa nchi yake walipelekwa uhamishoni Siberia kwa makosa madogo kuliko hayo. Mkono usioweza kuukata, ubusu: Keres alirejeshwa taratibu uwanjani, na mwaka 1947 alinyakua ubingwa wa Muungano wa Kisovieti, heshima ambayo angeipata tena mwaka 1950 na 1951.

Wakati huo kiti cha bingwa wa dunia kilikuwa kitupu. Alekhine alikuwa amefariki mwezi Machi 1946 akiwa bado na taji. Shirikisho la sataranji la dunia liliamua bingwa mpya apatikane kwa mashindano ya wachezaji watano: Botvinnik, Vasily Smyslov, Keres, Reshevsky na Euwe. Fine alialikwa lakini hakushiriki. Mashindano yalianzia The Hague mwezi Machi 1948 na kukamilikia Moscow mwezi Mei, kila mchezaji akikutana na mwenzake mara tano.

Botvinnik aliibuka mshindi kwa alama 14, Smyslov akafuata kwa alama 11, na Keres akagawana nafasi ya tatu na Reshevsky kwa alama kumi na nusu. Jambo lililozua gumzo ni michezo mitano kati ya Keres na Botvinnik. Keres alipoteza minne ya kwanza. Wa tano aliushinda, lakini ulikuja katika duru za lala salama, wakati ambapo Botvinnik alikuwa tayari amejihakikishia taji.

Swali la kama Keres aliamriwa kushindwa limejadiliwa kwa miongo mingi. Wapo wanaolitazama jedwali hilo na kuona mkono wa serikali iliyomtaka bingwa wake awe Mrusi mtiifu kutoka Leningrad, wala sio Mestonia mwenye doa la vita. Wapo pia wanaoichambua michezo hiyo hatua kwa hatua na kuona makosa ya kawaida ya mtu aliyecheza na roho mkononi. Hakuna hati iliyowahi kufunga mjadala huu. Jambo lisilo na utata ni kwamba wachezaji hao wawili hawakuketi mbele ya ubao wakiwa na mizigo sawa. Mmoja alihofia kupoteza mchezo; mwingine alikuwa na sababu ya kuhofia mengi zaidi, hata iwapo hakuna aliyemwambia neno.

Mfululizo wa nafasi ya pili

Baada ya mwaka 1948 utaratibu mpya uliwekwa. Aliyetaka kupambana na bingwa alilazimika kwanza kushinda mashindano ya wateule. Keres alifuzu kushiriki mashindano hayo tena na tena, na kila mara alikaribia, akakwama palepale.

Mwaka 1953 wateule 15 walikutana Uswisi, kwanza Neuhausen na kisha Zürich. Katika duru ya 24 Keres alikutana na Smyslov, aliyekuwa akiongoza. Ushindi ungemsogeza Keres hadi ubavuni mwa kiongozi. Alizipeleka ngome zake mbili upande wa mfalme wa Smyslov, kisha akaiacha moja iliwe kama chambo, akitumaini kwamba mpinzani wake akiila, mfalme atabaki bila kinga. Smyslov alitafakari kwa muda mrefu, akaiacha zawadi hiyo palepale, na badala yake akamsogeza mbele askari wake katikati ya ubao. Mashambulizi ya Keres yakakosa shabaha, na mchezo ukamponyoka. Smyslov alimaliza kwa alama 18. Keres, David Bronstein na Reshevsky waligawana nafasi ya pili kwa alama 16.

Mwaka 1956 mashindano yalifanyika Amsterdam. Zikiwa zimesalia duru mbili tu, Keres alikuwa bado katika kinyang'anyiro cha nafasi ya kwanza, na katika duru ya 17 alipangiwa Miroslav Filip, mchezaji aliyekuwa nyuma sana katika jedwali. Keres aliupata mchezo mzuri, wenye dalili zote za ushindi. Kisha saa ikaanza kumbana, hatua zikawa za haraka, na ushindi ukageuka kuwa kushindwa. Smyslov alishika tena nafasi ya kwanza, Keres ya pili.

Mwaka 1959, nchini Yugoslavia, mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Keres alicheza mara nne na kijana Mikhail Tal wa Latvia, akamshinda mara tatu na kushindwa mara moja. Kwa kawaida anayemshinda mpinzani wake mkuu namna hiyo ndiye huibuka kidedea. Tal, hata hivyo, aliwavuna wengine bila huruma, akiwemo Fischer ambaye alimshinda katika michezo yao yote minne. Alimaliza kwa alama 20, na Keres kwa alama kumi na nane na nusu. Mwaka uliofuata Tal alimvua Botvinnik taji.

Curaçao, 1962

Nafasi iliyomkaribia Keres kuliko zote ilikuja alipokuwa na umri wa miaka 46. Mwanzoni mwa mwezi Mei 1962, wateule wanane walikutana Willemstad, mji mkuu wa kisiwa cha Curaçao katika bahari ya Karibi. Duru zilikuwa 28, zilizogawanywa katika mizunguko minne, na zilichukua karibu miezi miwili chini ya joto kali la tropiki. Keres ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote. Fischer alikuwa na umri wa miaka 19. Tal alikuja akiwa mgonjwa, na baada ya mzunguko wa tatu alilazimika kujiondoa.

Wachezaji watatu wa Kisovieti, yaani Keres, Tigran Petrosian na Efim Geller, walitoka sare katika michezo yote kumi na miwili waliyocheza wao kwa wao, na mingi kati ya hiyo ilikuwa mifupi mno. Inaaminika kote kwamba yalikuwa maafikiano. Kila mmoja alipata siku za mapumziko ambazo wapinzani wao hawakuzipata, na katika joto lile mapumziko yalikuwa na thamani kubwa. Fischer alighadhabika, na baada ya mashindano alichapisha makala katika gazeti la Marekani akiwashutumu Wasovieti kwa njama. Shirikisho la dunia lilibadilisha utaratibu: kuanzia mwaka 1965 wateule walikutana kwa mechi za mtoano, wawili wawili.

Kwa mtazamo wa kwanza, maafikiano hayo yalimfaa Keres, kwani yeye ndiye aliyehitaji mapumziko zaidi. Lakini yalikuwa na gharama ambayo ilijitokeza mwishoni. Kila sare fupi kati yake na Petrosian ilikuwa ni kuahirisha suala la nani bora kati yao, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa kuwa wawili hao walikataa kuamuana, ilibidi waamuliwe na mtu wa tatu.

Mtu huyo alikuwa Pal Benko, Mhungaria kwa asili aliyekuwa akiiwakilisha Marekani. Duru ya 27 ilipofika, Petrosian na Keres walikuwa wakiongoza, Geller akiwa karibu nyuma yao. Benko hakuwa na matumaini yoyote ya kushinda mashindano. Zaidi ya hayo, Keres alikuwa amemshinda katika michezo yao yote mitatu iliyotangulia kisiwani humo. Mtu yeyote aliyelisoma jedwali asubuhi ya siku hiyo angeona kwamba Keres amepata mpinzani wa kufaa kwa wakati wa kufaa.

Benko alicheza kama mtu asiye na deni. Hatua kwa hatua alimbana Keres, na mchezo ulipoahirishwa, Benko ndiye aliyekuwa na hali nzuri zaidi. Enzi hizo mchezo ambao haukumalizika kwa wakati uliwekwa kando. Mwenye zamu aliiandika hatua yake kwa siri, ikafungwa ndani ya bahasha, kisha pande zote zikaenda kuuchambua ubao hadi siku ya kuendelea. Miaka mingi baadaye Benko alisimulia kwamba katika muda huo Petrosian na Geller walimjia wakitaka kumsaidia kuuchambua mchezo huo ili amshinde Keres, naye akakataa. Ikiwa masimulizi yake ni ya kweli, basi maafikiano ya watatu yalikuwa yamefikia kikomo, na Keres alikuwa amebaki peke yake. Kwa vyovyote vile, mchezo ulipoendelea Benko alishinda bila msaada wa mtu.

Ilibaki duru moja. Petrosian alicheza na Filip, na wawili hao wakamaliza kwa sare ya haraka. Petrosian alikuwa na alama kumi na saba na nusu, bila kupoteza mchezo hata mmoja katika mashindano mazima. Sasa hesabu ilikuwa wazi: Keres angemshinda Fischer, angemfikia Petrosian na kulazimisha mechi ya kuwatenganisha. Fischer, kama Benko, hakuwa na la kutarajia katika jedwali, lakini hakuwa mtu wa kumpa yeyote zawadi. Keres alitafuta njia ya kupenya asiione. Mchezo ukaisha kwa sare. Keres alikuwa na alama 17, nusu alama pungufu. Sare moja tu dhidi ya mtu aliyekuwa amemshinda mara tatu ingetosha kumweka sawa na Petrosian.

Katika duru hiyo ya mwisho Geller alimshinda Benko, naye akafikisha alama 17. Ilibidi yeye na Keres wacheze mechi kubaini ni nani wa pili. Keres aliishinda kwa alama nne na nusu kwa tatu na nusu, akathibitishwa kwa mara nyingine katika nafasi aliyoizoea. Mwaka 1963 Petrosian alimshinda Botvinnik na kuwa bingwa wa dunia.

Miaka ya jioni

Mwaka 1965, chini ya utaratibu mpya wa mtoano, Keres alipangiwa Boris Spassky mjini Riga. Kabla ya mchezo wa kumi, ambao ulikuwa wa mwisho, alikuwa nyuma kwa alama moja. Alicheza kwa kutafuta ushindi, hakuridhika na sare ambayo isingemfaa kitu, akashindwa. Huo ukawa mwisho wa safari yake ya kuliwania taji.

Hakuacha mchezo. Alikuwa amekwisha kuiwakilisha timu ya Muungano wa Kisovieti katika Olimpiadi saba kati ya mwaka 1952 na 1964, na timu hiyo ilitwaa dhahabu katika zote. Aliandika vitabu kuhusu mwanzo na mwisho wa mchezo ambavyo vilisomwa katika lugha nyingi, na wale waliocheza naye walimkumbuka kwa upole na staha yake, awe ameshinda au ameshindwa. Mwanzoni mwa mwaka 1975 alishinda mashindano makubwa yaliyoandaliwa Tallinn, mji mkuu wa nchi yake, akiwa mbele ya Spassky. Mwezi Mei mwaka huo alisafiri hadi Vancouver, nchini Kanada, akashinda huko pia. Akiwa njiani kurudi nyumbani alipatwa na mshtuko wa moyo, akafariki mjini Helsinki tarehe 5 Juni 1975 akiwa na umri wa miaka 59. Mashindano yake ya mwisho aliyamaliza akiwa wa kwanza.

Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu laki moja walijitokeza kumsindikiza katika mazishi yake mjini Tallinn. Kwa nchi yenye watu wasiofika milioni moja na nusu, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ni vigumu kudhani kwamba wote walikuwa wapenzi wa sataranji. Wengi walikuwa wameona katika maisha ya mtu mmoja historia ya taifa zima lililonyimwa nafasi ya kuamua mambo yake. Katika miaka ambayo Estonia haikuwa na bendera yake miongoni mwa mataifa, jina la Keres lilikuwa likitajwa duniani kote.

Hitimisho

Mcheza kwao hutunzwa. Estonia iliporejesha uhuru wake mwaka 1991 na kutoa sarafu yake mwenyewe mwaka uliofuata, picha ya Keres iliwekwa kwenye noti ya krooni tano. Noti hiyo ilitumika hadi mwaka 2011, nchi hiyo ilipoanza kutumia yuro. Mwaka 2016, miaka mia moja baada ya kuzaliwa kwake, ilitolewa sarafu ya yuro mbili yenye sura yake. Mabingwa wengi waliolivaa taji hawakupata heshima ya kuingia mifukoni mwa wananchi wao kila walipokwenda sokoni.

Maisha ya Keres yanamfunza msomaji kutofautisha jedwali la matokeo na thamani ya mtu. Jedwali la Curaçao linaonyesha pengo la nusu alama. Halionyeshi mtoto aliyenakili michezo elfu moja kwa mkono, wala miaka iliyoibwa na vita, wala hofu ya mtu aliyecheza huku serikali ikimtazama. Halimwondolei lawama pia, kwani katika kisiwa kile yeye mwenyewe alichagua sare nyepesi na Petrosian, na hatimaye akalipa kwa mchezo mzito na Benko. Aliufikia mlango mara nyingi kuliko wengine, na kila mara ulipofungwa alirudi kwenye ubao, akapanga kete zake upya, akangoja saa ianze.